Benno Hataki Kulinda Mabegi

"Nani alikutuma? Nakuuliza wewe Vitalis, nani alikutuma kwa mwalimu?"

"Hakuna aliyenituma, dada. Nilikutana naye tu pale stendi."

"Ukakutana naye, ukaona umwambie mambo ya nyumbani kwangu."

"Aliniuliza hali ya mtoto. Nikamwambia mtoto mzima."

"Mzima." Dada alipiga meza ya duka kwa kiganja. Pipi zikaruka ndani ya kopo. "Wewe daktari? Umemaliza fomu foo juzi, matokeo yenyewe hatujayaona, leo unapima watu?"

"Benno hana pumu," nikasema. Na mimi sauti ilishapanda. "Hajawahi kuwa na pumu hata siku moja. Ile barua uliyopeleka shule ni uongo."

"Punguza sauti, kuna wateja."

"Wewe ndiye umeanza kupiga kelele."

Mteja mwenyewe alikuwa mmoja, mzee aliyekuja kununua chumvi. Alichukua chumvi yake akaondoka bila kusubiri chenji.

Benno alikuwa amekaa nyuma ya friji, juu ya kreti la soda. Mkononi alikuwa na andazi. Alikuwa anatusikiliza, lakini macho yalikuwa kwenye andazi.

"Sasa mwalimu anataka cheti cha zahanati," dada akasema. "Anakitaka kabla ya Ijumaa. Nisipopeleka cheti, mtoto akimbie na wenzake. Umefurahi?"

Ukweli ni kwamba nilifurahi kidogo.

Ngoja nieleze vizuri. Mimi naitwa Vitalis. Zita ni dada yangu, tumezaliwa tumbo moja. Kwetu ni Litembo, juu huko Mbinga, kwenye kahawa na baridi. Dada alishuka Mbamba Bay miaka mitano iliyopita akafungua duka. Shemeji Joakim alibaki juu na kahawa, anashuka kila mwisho wa mwezi. Mimi nilikuja kusubiri matokeo na kumsaidia dada dukani. Mtoto wao ni mmoja tu, Benno, ana miaka tisa, yuko darasa la tatu.

Benno alizaliwa kabla ya wakati. Alikuwa na kilo moja na nusu. Wiki nyingi dada alimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kama walivyomwelekeza hospitali. Watu walikuja kumwona, wakitoka nje wanatikisa kichwa. Lakini mtoto alipona, akaanza kunenepa. Dada alifurahia kila kilo. Jumapili kanisani kina mama wanamshika mashavu wanasema, Mama Benno, umemtunza. Dada anatembea kama askofu.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Dada aliona kunenepa ndiyo kupona. Halafu waliposhuka huku, kukawa na ziwa. Sisi watu wa kahawa hatujui kuogelea. Tunaliogopa ziwa. Watoto wote wa huku wanacheza ufukweni, kwa hiyo Benno hakuruhusiwa kucheza na watoto wa huku. Akitoka shule anakaa dukani. Dukani kuna nini? Biskuti, maandazi, soda, na simu ya mama yake.

Alipoanza darasa la kwanza, dada akaandika barua. Mtoto ana pumu, asikimbizwe mchakamchaka. Basi kila asubuhi wenzake wanakimbia wakiimba, Benno anakaa chini ya ngazi za ofisi analinda mabegi. Miaka miwili. Wakampa jina, wakamwita Mlinzi.

Siku moja tunapanga kreti za soda akaniambia, "Mjomba, mimi sitaki kulinda mabegi." Hakuniangalia. Alisema tu, akaendelea kupanga chupa. Ndiyo maana nilipokutana na Mwalimu Erasmo, yule mwalimu mpya wa darasa la tatu, maneno yalinitoka.

*

Alhamisi dada alifunga duka tukaenda zahanati, sisi watatu. Nesi pale anaitwa Loveth, ametokea Tukuyu. Anaongea taratibu lakini hayumbi.

"Shikamoo nesi," Benno akasema.

"Marahaba. Karibuni. Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa sana," dada akasema. "Naomba cheti tu, nesi. Nina haraka. Mtoto ana pumu, shule wanataka cheti."

"Anakohoa usiku?"

"Hapana."

"Kifua kinapiga filimbi? Anakosa pumzi akiwa amekaa tu?"

"Akipanda ile njia ya kanisani anahema sana."

"Ile hata mimi nahema," nesi akasema. Akachukua kipimo chake, akasikiliza kifua cha Benno, mbele na nyuma. Alisikiliza muda mrefu. "Kifua kizuri. Pumu sisikii. Na hata angekuwa nayo, mama, mtoto mwenye pumu anacheza. Tunampa dawa na maelekezo, anacheza."

Akampima urefu. Akampima uzito. Halafu akatoa uzi kwenye droo, akaupima kutoka utosini kwa Benno mpaka kwenye kisigino, akaukata.

"Huu ni urefu wako. Naukunja mara mbili. Nusu hii inatakiwa ikutoshe kiunoni."

Akamzungushia tumboni. Ncha mbili hazikukutana. Zilibaki mbali, karibu upana wa vidole vinne. Dada akauangalia ule uzi.

"Sasa simama mguu mmoja," nesi akamwambia Benno. "Mikono kiunoni."

Nikahesabu kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu. Mguu ukashuka. Akajaribu wa pili. Moja, mbili. Nesi akachukua mpira mdogo wa matambara akamrushia polepole. Benno alifumba macho. Mpira ukampiga kifuani ukaanguka.

"Mama Benno," nesi akasema, "mafuta yamezidi, umeona mwenyewe. Lakini kinachonisumbua zaidi ni hiki. Mtoto wa miaka tisa hajui kudaka. Hajui kusimama bila kuyumba."

"Atajua akikua."

"Kusoma anajua?"

"Kusoma? Anasoma vizuri kabisa."

"Alijua kwa sababu alikua, au alifundishwa?"

Dada akainama akauokota ule mpira.

"Mwili nao unafundishwa," nesi akasema. "Kukimbia, kuruka, kurusha, kudaka, ni kama herufi. Mtoto asipopata nafasi ya kuzirudia, hazijui. Akienda kucheza anakosea. Wenzake wanacheka. Akichekwa anarudi kukaa. Akikaa mafuta yanaongezeka. Yakiongezeka, kukimbia kunakuwa kugumu zaidi. Anakaa tena. Anazunguka hapohapo."

"Kwa hiyo kosa langu."

"Sijasema kosa. Nasema anazunguka, tumtoe." Akamgeukia Benno. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Benno akamwangalia mama yake kwanza. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nataka kukimbia na wenzangu."

Dada alishtuka. Nadhani hakuwahi kumwuliza.

Cheti cha pumu hatukupata. Nesi aliandika karatasi nyingine kwamba mtoto hana ugonjwa, aanze mazoezi kidogokidogo. Mwalimu Erasmo alipoisoma akasema hatamlazimisha mtoto wala mama, siku Benno atakayokuwa tayari aje. Dada akashukuru. Tukiwa njiani akaniambia, "Siku hiyo nitaamua mimi." Benno akasikia.

*

Foleni zahanati ilikuwa ndefu, na nesi alisema turudi Jumatatu tuzungumze kuhusu chakula na mazoezi. Mimi sikungoja Jumatatu. Nilisikia nilichotaka kusikia. Mtoto akimbie, mafuta yaishe, basi. Sekondari nilikuwa nakimbia mita elfu moja na mia tano, nikajiona kocha.

Jumamosi dada alikwenda kuchukua mzigo bandarini. Nikamwambia Benno leo hakuna chakula cha mchana, leo ni kazi. Saa saba, jua limesimama, nikamtoa kwenye barabara ya kwenda Lipingo. Mimi mbele, yeye nyuma.

"Kimbia, gunia wewe," nikamwambia. Nilidhani ni utani. Kwetu tunataniana hivyo.

Alikimbia. Lazima niseme, alikimbia kwa moyo wote. Kwenye kilima cha kwanza akaanza kutembea. Nikamvuta mkono. Kwenye cha pili akakaa pembeni ya barabara, akatapika maji matupu. Midomo ilikuwa mikavu. Nikaogopa. Nikamvuta kivulini, nikaomba maji kwenye nyumba ya jirani, nikasimamisha bodaboda.

Dada alikuwa amerudi. Alituona tunashuka kwenye pikipiki. Sikupata hata nafasi ya kueleza.

"Hakula?"

"Dada, nilitaka..."

"Nimekuuliza, hakula?"

"Hakula."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejisikia vizuri zaidi. Alimvua Benno shati, akamfuta kwa kitambaa cha maji, akampa uji kijiko kwa kijiko. Halafu akasema, "Huyu nilimbeba kifuani wiki tisa. Hammtoi tena nje. Wewe wala mwalimu wala nesi."

Nikaona nimeharibu. Nilitaka kumtoa ndani, nimemfungia kabisa.

Jioni nesi Loveth alikuja kununua sukari. Dada akamweleza yote, mbele yangu, na gunia akalitaja. Nesi akanigeukia.

"Vitalis, wewe ukianza kumfundisha mtoto kusoma, siku ya kwanza unampa gazeti zima?"

"Hapana."

"Akikosea unamwita mjinga?"

"Hapana, nesi."

"Sasa mbona huku umefanya hivyo?"

Akaomba kiti akakaa.

"Sikilizeni wote. Mtoto anayekua hanyimwi chakula. Anajenga mifupa, anajenga misuli. Mimi sihitaji Benno apungue kilo. Aendelee kurefuka, uzito usikimbie mbele ya urefu. Miezi ikipita, mwili unajipanga wenyewe. Ale ugali, maharage, dagaa usipa, mboga, matunda. Anywe maji. Soda na maandazi visiwe chakula cha kila siku. Na si yeye peke yake, nyumba nzima. Hamwezi kunywa soda mbele yake mkamwambia anywe maji."

Dada akaitazama chupa aliyokuwa ameishika. Akaiweka chini.

"Na mazoezi?" nikauliza.

"Kucheza. Kwa siku nzima ifike kama saa moja, lakini si kwa mpigo mmoja. Dakika kumi asubuhi, ishirini jioni, akizoea mnaongeza. Aheme, atoke jasho, lakini mchezo uwe mtamu mpaka akitoka atake kurudi. Na siku tatu kwa wiki afanye kitu cha nguvu. Kuruka, kupanda, kuchimba."

"Acheze wapi?" dada akasema. "Huku ziwa, huku pikipiki. Nesi, mimi ziwa naliogopa."

"Una haki kuogopa. Mtoto asiyejua kuogelea haendi majini bila mtu mzima anayejua. Sisemi aende ziwani." Nesi akafikiri kidogo. "Wewe ulipokuwa mdogo ulicheza wapi?"

"Sisi hatukucheza. Sisi tulilima ngoro."

"Ndiyo nini?"

Dada akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo. Akamweleza. Kwetu milimani, mashamba yameinama sana, mvua ingebeba udongo wote. Kwa hiyo mwanaume anafyeka majani, anayapanga chini kwa miraba. Mwanamke anachimba katikati ya mraba, udongo anafunikia majani. Shamba zima linakuwa mashimo na matuta, kama sega la nyuki.

"Unapita wapi sasa?" nesi akauliza.

"Juu ya matuta. Unaruka tuta hili, unaruka lile. Na mzigo kichwani."

"Bila kuanguka?"

"Ukianguka umeharibu tuta. Bibi yetu Kunigunda anakusema mpaka jioni."

"Halafu unaniambia hukucheza," nesi akasema. Akachukua sukari yake akaondoka.

Dada alibaki amekaa. Mteja alikuja, nikamhudumia mimi.

*

Jumamosi iliyofuata aliniamsha mapema. "Chukua mundu. Nenda kafyeke majani."

"Majani ya nini?"

"Mwanaume anafyeka, hajiulizi."

Nyuma ya nyumba tuna kiwanja kidogo, tambarare. Nilileta majani, tukayapanga kwa miraba. Dada akashika jembe. Benno alitoka ndani akasimama mlangoni.

"Mama, mimi nafanya kazi ya baba au ya mama?"

"Zote mbili. Hukuwa unafanya hata moja."

Akampa jembe dogo. Alichimba mapigo matano akapumzika. Akachimba tena. Hakuna aliyemharakisha. Mimi mdomo nilikuwa nimeufunga kabisa.

Mama Ottilia, jirani yetu, alichungulia juu ya uzio. Yeye ni Mnyasa, mtu wa ziwani.

"Mama Benno, mnamzika nani?"

"Tunalima ngoro."

"Ngoro kwenye tambarare? Maji yatateremka kutoka wapi, kwenye paa langu?"

"Hizi si za maji, jirani. Ni za mtoto."

Mama Ottilia alicheka mpaka akaita watoto wake watatu waje kuangalia. Ndiyo ikawa bahati yetu. Wale watoto wa ufukweni wanaogelea kama samaki, lakini ngoro hawajawahi kuiona. Waliruka uzio wakajaribu kupita juu ya matuta. Wakadondoka kwenye mashimo, mmoja baada ya mwingine.

"Si hivyo," dada akasema. Akakunja kitenge chake, akavua kandambili, akapita. Tuta la kwanza, la pili, la tatu, mikono pembeni, macho mbele. Alifika mwisho akageuka. Alikuwa anahema kuliko Benno.

"Mama, umechoka," Benno akasema.

"Nimechoka," dada akakubali. "Sijafanya hivi tangu nikiwa msichana. Njoo, tutachoka wote."

Siku hiyo Benno alianguka mara nyingi. Lakini watoto wa Mama Ottilia nao walianguka, kwa hiyo hakukuwa na wa kumcheka mwenzake. Kila jioni wakawa wanakuja. Nusu ya ngoro tulipanda maharage, nusu tukaiacha ya kurukia. Wakatunga michezo yao. Kuruka kwa mguu mmoja kutoka tuta mpaka tuta. Kudaka mpira ukiwa umesimama juu ya tuta. Kukimbia kuzunguka maharage bila kukanyaga. Mimi nilikuwa narusha mpira tu. Mwanzoni nilimrushia Benno kwa karibu sana, mpira mkubwa laini. Akizoea narudi hatua moja nyuma. Baada ya wiki kadhaa alikuwa hafumbi macho.

Matokeo yangu yalitoka katikati ya hayo yote. Si ya kusimulia. Nilienda kuchimba ngoro nyingine.

Dukani, dada alihamishia biskuti rafu ya juu. Soda ikawa ya Jumapili baada ya misa, kwake, kwangu na kwa Benno. Wiki ya kwanza Benno alilia. Wiki ya pili aliulizia tu. Mimi nililalamika zaidi yake. Shemeji Joakim aliposhuka mwisho wa mwezi akakuta ngoro uani, akazizunguka. Halafu akafika kwenye zile mpya, majani hayajafukiwa, akasema, "Majani haya nani kayapanga? Vibaya sana." Akayapanga upya na mwanawe mpaka giza likaingia.

Mwezi wa tano mwishoni tulirudi zahanati. Benno alikuwa amerefuka sentimita mbili. Uzito ulikuwa karibu uleule wa Januari, tulipompeleka mara ya kwanza. Nesi alikata uzi mwingine kwa urefu mpya, akaukunja, akamzungushia. Bado haukutosha, lakini ncha zilikuwa zimesogeleana, ukibaki upana wa kidole kimoja.

"Nzuri. Msiharakishe," nesi akasema. "Mguu mmoja?"

Benno akasimama. Nilihesabu mpaka thelathini nikaacha. Yeye alikuwa bado amesimama, anaangalia bango la chanjo ukutani.

"Sasa mchakamchaka," nesi akasema.

"Mwezi ujao," dada akajibu haraka.

Benno alishusha mguu.

*

Jumatatu asubuhi nilikuwa nakunywa chai. Dada alikuwa anapepeta mchele. Benno alitoka chumbani amevaa sare na raba, akakaa kwenye stuli kufunga kamba.

"Mbona mapema hivyo?" dada akauliza.

"Naenda mchakamchaka. Wanaanza saa kumi na mbili na nusu."

"Si tulisema mwezi ujao?"

"Ulisema wewe, mama."

Dada aliacha kupepeta. Akaniangalia mimi, kama vile nimemtuma. Sikuwa nimemtuma. Nilikunywa chai yangu.

"Ukichoka je?"

"Nitatembea. Nikipata pumzi nitakimbia tena."

"Wakikucheka?"

Benno alifikiri. Alikuwa anavuta kamba ya raba ya kushoto.

"Watacheka," akasema. "Halafu watazoea."

"Nje kuna baridi. Ngoja nikupe sweta."

"Nitatoka jasho, mama."

Dada aliinuka hata hivyo, akaweka ungo mezani, akaenda chumbani kutafuta sweta. Nilimsikia anafungua sanduku. Benno alinyanyuka, akavaa begi mgongoni, mikanda yote miwili, akaibana vizuri. Akasimama kidogo anasikiliza. Kule shuleni walikuwa wameanza kupiga kengele.

"Haya mjomba," akasema. "Mwambie mama nimekwenda."

Akatoka, akafunga mlango.